Sitara haimhusu anayekupima ini

Leo nina neno juu ya sitara, maana naona wengi tunaiweka mahali isipostahili.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyevuka na kivuko kutoka Kamanga, analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Nikamuuliza kama amewahi kuugua ugonjwa mkubwa. Kijana wake akawahi kujibu: hapana. Nikaandika fomu ya ultrasaundi ya ini. Walipofika mlangoni mama akarudi peke yake, akaninong'oneza kwamba ziwa lake la kulia lilipigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Nikachana ile fomu, nikaandika nyingine.

Kwa nini? Kwa sababu ini liko chini kidogo tu ya ziwa la kulia, na mionzi ya ziwa yaweza kugusa sehemu yake ya juu. Aliyetibiwa saratani ya umio, sehemu ya chini karibu na tumbo, huguswa ini upande wa kushoto.

Ndani ya ini mna seli zinazomeza takataka za damu. Huitwa seli za Kupffer, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876. Huko Japani, tangu 2007, iko dawa ya viputo vidogo mno vya gesi, hudungwa mshipani wakati wa ultrasaundi. Baada ya dakika kama kumi seli hizo huwa zimevimeza, ini likang'aa kwenye kioo. Saratani iliyosambaa kwenye ini haina seli hizo, hivyo hubaki doa jeusi. Tatizo ni kwamba sehemu iliyopigwa mionzi nayo humeza viputo vichache, ikaonekana nyeusi vilevile.

Basi mtu aliyepona anaweza kuambiwa kansa imefika kwenye ini, na nyumbani wakaanza kuhesabu ng'ombe wa urithi! Mpimaji aliyeambiwa ukweli atatazama ukingo: alama ya mionzi mara nyingi hunyooka kufuata njia ya miale, na mishipa hupita ndani yake bila kusukumwa. Uvimbe aghlabu ni wa mviringo na husukuma.

Utasema viputo hivyo hatuvioni huku kwetu. Sawa, lakini hata kwa ultrasaundi ya kawaida ini lililopigwa mionzi laweza kubadilika sura. Tena sisi wa ziwani, kuanzia Ukerewe hadi Kome, tuna kichocho cha tumbo, nacho huacha makovu yake kwenye ini kandokando ya mishipa. Mpimaji atatenganishaje yote hayo ikiwa umemficha nusu ya habari?

Jirani msitiri, hana haki ya kujua. Tabibu mwambie. Aliyetibiwa Ocean Road, au Bugando hapa Mwanza, aombe karatasi inayoonyesha ni sehemu gani ilipigwa mionzi, kiasi gani na lini, aitunze pamoja na vyeti vyake. Na ninyi vijana mnaowasindikiza wazazi, waacheni wajibu wenyewe.

Yule mama alikutwa na mawe kwenye nyongo.