Vespa ya Shule na Vitesi ya Tano



Tangu pesa ya muchele wa shamba letu ilipohesabiwa, maneno ni moja tu katika internati na chini ya miembe: ile Vespa ya zamani yenye kulala katika depo itengenezwe namna gani? Wengine wanasema itiwe buati mupya ya vitesi tano, ipite pikipiki zote za hapa Wamaza. Wengine wanasema irudishwe tu kama ilivyokuwa. Sisi wakubwa wa madarasa ya mwaka wa sita tumesikiliza pande mbili, na tumeona vema kuandika mawazo yetu mbele ya mukutano wa siku ya posho.

Kwanza tukumbuke kazi yake. Hatuitaki kwa matembezi. Tunaitaka ipeleke mugonjwa wa internati ku hospitali usiku, na ilete chaki na karatasi kutoka Kasongo. Pesa ni ya jasho la wote, hata la wadogo wa mwaka wa kwanza wenye walipalilia pamoja nasi. Tukiitumia vibaya, shamba lingine ni mwaka kesho, na homa haingojee mwaka kesho.

Sasa historia kidogo. Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio, kule Pontedera, Italia. Mwenye kuichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa enjenia wa ndege na helikopta. Injini ilikuwa ya sentimetri kibe 98, na vitesi tatu zenye kubadilishwa kwa mukono wa kushoto. Mwaka 1955 ikatoka Vespa GS ya 150, yenye vitesi ine. Hata ile PX ya mwaka 1977 ilikuwa na ine. Inde vilevile, kampuni ya Bajaj ilitengeneza Vespa kwa ruhusa ya Piaggio tangu miaka ya 1960. Ruhusa ilipoisha mwaka 1971, ikatoa Chetak yake mwaka 1972, nayo ilikuwa na vitesi ine. Ni Bajaj ileile yenye tunasoma jina lake leo juu ya pikipiki za mizigo. Na kule Zanzibar, Vespa zingali zinatembea kwa vitesi zao za zamani.

Ya tano imetoka wapi basi? Imetoka kwa mafundi wa Ulaya wenye kupenda Vespa na Lambretta za zamani. Wanafunga silinda kubwa, injini inapata nguvu nyingi, kisha wanatengeneza buati ya vitesi tano yenye kuingia katika injini ileile. Kazi yao ni ya akili, hatuicheki. Lakini tuielewe vizuri.

Wengi hapa wanadhani vitesi ya tano inaongeza nguvu. Hapana. Nguvu inatoka katika silinda. Buati inagawa tu ile nguvu yenye iko, kama mama mwenye kugawa bugali: sahani zikiwa tano, sufuria haijakuwa kubwa. Faida ya ya tano ni nyingine, na hesabu inaionyesha.

Tuseme katika vitesi ya tatu injini inazunguka mara 7 ili gurudumu lizunguke mara 1, na katika ya ine inazunguka mara 5. Injini iko kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Ukiingiza ya ine, mbio ya gurudumu ni ileile, basi injini inashuka: 6000 mara 5, gawanya na 7, inabaki karibu 4290. Kama ni mulimani na umebeba mutu nyuma, hapo injini inachoka, unarudi ya tatu, inalia, unaingiza tena ya ine, inachoka tena. Sasa weka vitesi nyingine katikati, ya mizunguko 6. Kutoka 7 kwenda 6 injini inashuka karibu 5140 tu. Ukiipandisha tena mpaka 6000, kutoka 6 kwenda 5 inashuka 5000. Haitoki mahali pa nguvu zake. Kwa hiyo wenye kutaka ya tano wako na haki kwa jambo moja: ngazi zikikaribiana, kupanda kunakuwa kwepesi. Lakini mwisho wa mbio unabaki palepale. Wale wenye kuota kupita pikipiki zote, hesabu haiko upande wao.

Sasa tuangalie bei ya faida ile. Katika buati ya Vespa, meno yote yanakaa pamoja juu ya shafti moja, na ndani munateleza kipande chenye umbo la musalaba. Kikisimama chini ya meno fulani, kinayashika, na vitesi ile inaingia. Nafasi ni nyembamba. Ukitaka matano yakae mahali palipokaa manne, lazima kila moja liwe jembamba zaidi. Tena kuyaingiza ni kupasua injini nzima katikati, kubadilisha na kile chombo cha kuchagua vitesi, na kupanga upya mukono wa kushoto. Buati yenyewe ni mamia ya dolari kule Ulaya, kabla ya ndege, dwani na gari. Na siku jino moja linavunjika, tutapata lingine wapi? Kabambare? Salamabila? Fundi wetu wa hapa anajua ya ine kwa kugusa tu. Ya tano hajaiona.

Tena tuangalie njia yetu. Pikipiki mingi za Inde na za China zenye kupita hapa ziko na vitesi tano tangu kiwandani. Muulize dereva mwenye kubeba magunia mawili ya muchele wakati wa mvua: vitesi gani alitumia? Atakujibu ya kwanza na ya pili, na pa daraja la miti alishuka akasukuma. Ya tano inalala mpaka njia ikauke.

Wadogo wetu wanasema: “Wakubwa munakataa maendeleo.” Hatuyakatai. Maendeleo ni kujua kitu kinachokosekana. Katika Vespa hii freni za nyuma hazishiki, mipira imepasuka, kamba za vitesi zimeota kutu, na ule musalaba umelika, ndiyo sababu ya pili ilikuwa inaruka yenyewe. Kufunga vitesi ya tano juu ya freni mbovu ni kumupa kipofu viatu vya mupira.

Basi mawazo yetu ni haya. Kwanza freni, mipira na kamba. Pili, injini ifunguliwe mara moja tu, ipate musalaba mupya, diski za ambreyaje na jwe zake. Tatu, kwa wenye kutaka nguvu ya kupanda: pale penye ambreyaje kunaweza kuwekwa pinyoni yenye meno machache zaidi. Mwisho wa mbio utapungua kidogo, lakini vitesi zote ine zitapanda vizuri kuliko mbele. Bei yake ni ndogo sana kupita ya buati nzima. Ine, pesa yenye kubaki inunue buji mbili, kamba mbili na bidoni ya mafuta, vifungwe katika depo. Injini hii inakunywa esansi yenye kuchanganywa na mafuta, kwa PX ni litri 2 za mafuta kwa litri 100 za esansi. Mwenye kusahau kuchanganya ataua ya ine na ya tano pamoja.

Na ninyi wenye mulipenda ile hesabu ya 6000, musiitupe. Mwalimu wa fizika yuko tayari kuiendesha pamoja nanyi wakati Vespa itakapopasuliwa. Tuhesabu meno yote kwa macho yetu, tuandike namba zake za kweli. Kesho mumoja wenu anaweza kuwa enjenia na kutuletea buati ya tano yenye kufaa matope ya Maniema.

Siku ya posho kila darasa litainua mikono. Sauti yetu sisi ni moja: vitesi ine zenye kushika, na freni yenye kusimamisha.