Nani Yuko Zamu Usiku wa Leo?



Wengi wetu tumezoea kwenda na kikundi cha wanawake wa usharika kuwaona wazee katika makazi ya Serikali ya Njoro, hapa mjini Moshi, au penginepo. Tunapeleka sabuni, sukari na khanga, tunaimba na kuomba, kisha tunarudi nyumbani. Ni jambo jema. Lakini kuna swali tunalouliza mara chache: walezi ni wangapi, na nani yuko zamu usiku?

Swali hili si la udadisi. Mzee asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo ngozi huchubuka na kuwa vidonda. Anahitaji kulishwa taratibu asije akapaliwa, na kusindikizwa msalani asianguke. Sabuni haifanyi kazi hizo. Hufanywa na mikono ya watu.

Huko Marekani, tangu Januari 2003, nyumba za wazee zinazolipwa na bima za serikali zinatakiwa kubandika kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wauguzi na wasaidizi wa kila zamu. Tangu 2016 hupeleka serikalini pia kumbukumbu za saa za kazi zinazotokana na malipo ya mishahara. Mwaka 2018 kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba katika nyumba nyingi watumishi walipungua sana Jumamosi na Jumapili.

Kutangaza upungufu si kumwaibisha mtumishi. Yeye ndiye anayeumia akiachiwa peke yake kazi ya watu watatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Upungufu ukijulikana, usharika unaweza kupanga watu wa kusaidia, na wahusika wanaweza kuombwa waongeze walezi.

Na kule vihambani, Marangu, Machame au Rombo, ambako bibi amebaki na binti mmoja wa kazi, wenye dhamana ni sisi wenyewe. Binti huyo analala saa ngapi? Akiugua, nani atashika nafasi yake? Mama, andika zamu za wiki nzima kwenye karatasi, uibandike ukutani. Siku isiyo na jina usiijaze kwa kubahatisha. Iache wazi, ili ndugu wote waione na waigawane.