Vigae Vipya, Ukuta Uleule

Ukigonga ukuta wa bafu kuukuu mjini Lodwar, kigae kilichoshika barabara hutoa mlio mzito. Kilichoachia hulia kitupu kama debe.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Lodwar ikiwa makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ofisi, nyumba za wageni na za kupanga zimejengwa kwa wingi. Bafu za miaka ile sasa zinahitaji vigae vipya. Kosa ambalo wenye nyumba wengi hulifanya ni kumaliza pesa kwenye vigae vya kung'aa vilivyopitia Kitale, kisha kumhimiza fundi avibandike juu ya vile vya zamani ili chumba kipangishwe wiki hiyohiyo.

Huo ni uharibifu wa pesa. Bandua kigae kimoja kilicholegea utazame nyuma: mara nyingi kuna vitonge vitano vya saruji, kimoja katikati na vinne pembeni, na baina yake uwazi mtupu. Maji ya kuogea hupenya kwenye grauti iliyopasuka, yakatuama humo, na plasta ikaanza kutoa unga mweupe wa chumvi. Kigae kipya kikibandikwa juu ya hapo, kinabebwa na ukuta ambao tayari umeachia.

Chumvi si jambo geni Turkana. Mwaka huohuo wa 2013 serikali na UNESCO walitangaza hifadhi kubwa ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kuwa maji hayo yana chumvi kupita kiasi. Anayekoroga plasta kwa maji ya kisima cha chumvi anaingiza chumvi ukutani kwa mikono yake. Mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, nao uchekechwe, na ukiwa na udongo uoshwe.

Halafu kuna joto. Saruji hushika kwa kunywa maji, wala si kwa kukaushwa na jua. Nyuzijoto zikipita 35, ukuta mkavu huyafyonza maji kabla saruji haijashika. Kwa hiyo ukuta ulowanishwe kwanza, kazi ianze alfajiri, na plasta mpya inyunyiziwe maji kwa siku saba hivi kabla ya kigae cha kwanza. Saruji au gundi ienezwe mgongo mzima wa kigae.

Haya mafundi wengi wanayajua. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, shirika la Don Bosco limefundisha uashi kwa miaka mingi, na wakimbizi na wenyeji wamefaidika. Wanachokosa mafundi ni malipo ya siku za tindo na nyundo, maana bei hupatanwa kwa mita za vigae tu. Kubomoa na kupiga plasta kulipwe kando, pamoja na barakoa, kwa sababu vumbi la kukata vigae huumiza mapafu. Zabuni za kaunti za kukarabati vyoo na bafu za umma ziandike hivyo waziwazi, na mkaguzi agonge ukuta kigae kwa kigae kabla ya kuidhinisha malipo ya mwisho.