Katuni za Japani na programu zilizotelekezwa: nani anagharamia kitu cha bure?

Katuni za Kijapani, zile zinazoitwa anime, zimefika mpaka kwenye simu na mabanda ya video ya huku kwetu vijijini. Vijana wanawajua kina Naruto na Goku kwa majina. Lakini nyuma ya picha hizo kuna mjadala ambao hausikiki sana: studio zinachora kwa programu gani za kompyuta, nani anazimiliki, na mwenyewe akishindwa kuziendesha inakuwaje? Mjadala huo unagusa hata simu uliyoishika sasa hivi, msikilizaji wetu, ndiyo maana tumeona tuueleze.

Tuanze na pesa. Soko la anime duniani lilivuka yeni trilioni 3 mwaka 2023. Hata hivyo studio nyingi za Japani ni ndogo, na wachoraji wengi hulipwa kwa idadi ya michoro, malipo ambayo kwa miaka mingi wamelalamika kuwa hayatoshi. Juu ya hapo, programu nyingi za kazi hiyo ni za kukodi. Usipolipa kwa wakati, unafungiwa, kama king'amuzi kilichoisha malipo.

Programu huria ni nini?

Kila programu ina maelekezo ya ndani yaliyoandikwa na watu. Wataalamu huyaita msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unaweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzako bila kuvunja sheria. Ni sawa na mtu anayekupa chakula na kukuonyesha pia namna ya kukipika.

Toonz: ya wachache ikawa ya wote

Studio Ghibli, moja ya studio zinazoheshimika sana Japani, ilitumia programu ya Toonz kutoka Italia tangu ilipotengeneza filamu ya Princess Mononoke, iliyotoka mwaka 1997. Ghibli waliiongezea pia vifaa vyao wenyewe. Machi 2016, kampuni ya Dwango ya Japani iliinunua Toonz na kuitoa kama programu huria kwa jina la OpenToonz. Baadaye wapenzi wengine wa uchoraji waliuchukua msimbo huo na kutengeneza toleo lao, Tahoma2D, bila kuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu leseni inawaruhusu.

Blender: ilifufuliwa kwa mchango

Mfano wa pili ni Blender, programu ya kutengeneza katuni na picha zinazoonekana kama vitu halisi. Mwaka 2002 kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikiimiliki ilifungwa, na Blender ikabaki bila mtunzaji. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akakubaliana na wawekezaji kwamba zikipatikana euro 100,000, msimbo utaachiwa huru. Akawaomba watumiaji wachange. Pesa ilitimia ndani ya wiki saba, na Oktoba mwaka huohuo Blender ikawa programu huria.

Matunda yake tunayaona leo. Mwaka 2019, studio ya Khara, inayotengeneza filamu za Evangelion, ilitangaza kwamba inahamia Blender. Sababu yao ilikuwa ya kawaida kabisa: walitaka kushirikiana na studio nyingi ndogo, na kuzitaka zote zilipie programu ya kukodi ingekuwa mzigo. Machi 2025, filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni.

Lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe. Khara hawakuchukua tu na kuondoka. Walijiunga na mfuko wa kuiendeleza Blender, unaowalipa mafundi wanaoitunza. Walijua kwamba programu ya bure ina watu nyuma yake, na watu hao wanakula na kulipa kodi ya nyumba.

Ikitelekezwa, hatari ni ya nani?

Machi 2024 dunia iliponea chupuchupu. Programu huria ndogo iitwayo xz, inayotumiwa kwenye kompyuta nyingi mno, ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Akatokea mtu aliyejifanya msaidizi. Alifanya kazi kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akaweka mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mhandisi mmoja wa Microsoft aligundua baada ya kuona kompyuta yake inachelewa kwa nusu sekunde tu. Kampuni kubwa zilikuwa zimeitumia xz kwa miaka, lakini mtu aliyeitunza hakuwa amepewa hata msaidizi.

Sisi inatuhusu nini?

Simu yako kama ni ya Android, ndani yake kuna Linux, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Linux haijatelekezwa kwa sababu leo wengi wanaoitengeneza wanalipwa na kampuni zinazoitegemea.

Sisi wa vijijini tunalijua somo hili kupitia pampu ya maji. Mradi unakuja, pampu inafungwa, maji yanatoka bure na watu wanapiga makofi. Kijiji chenye kamati ya maji na mfuko wa vipuri kinaendelea kuchota. Kile kilichosema "ni ya bure, ya nini kuchangia?" kinarudi mtoni.

Kwa hiyo kijana mwenye kompyuta, hata ya shule, anaweza kupakua Blender au OpenToonz kihalali leo na kuanza kujifunza, bila kutafuta programu za wizi zenye virusi. Akiona kasoro, aitoe taarifa. Akielewa, amfundishe mwenzake. Hicho nacho ni kipuri. Na sisi tunaotumia vitu hivi kila siku, tukisikia kitu ni cha bure, tuulize swali moja la ziada: pampu hii ikiharibika, fundi wake ni nani?