Tuwaache Watoto wa Vibarua Wamalize Shule

Ndugu msomaji, kama una jirani ambaye kila msimu hufunga virago na watoto wake kwenda kuvuna tumbaku au kuchuma kahawa mbali na kwao, naomba unisikilize. Nina habari za José Hernández, mhandisi aliyekwenda anga za juu mwaka 2009, na zaidi nina habari za baba yake.

Hernández alizaliwa mwaka 1962 huko California, Marekani, katika familia ya vibarua wa mashambani kutoka Michoacán, Mexico. Wazazi wake, Salvador na Julia, waliishia darasa la tatu. Kila mwaka walivuka mpaka na watoto wao wanne, wakafuata mavuno kutoka kusini mwa California kuelekea kaskazini: stroberi, matango, nyanya, zabibu. Mwaka ukiisha, walirudi Mexico kwa miezi kadhaa. Mavuno yakihama, na watoto wanahama shule. Mwisho wa wiki nao waliingia shambani. José alifika miaka 12 ndipo akakimudu Kiingereza.

Alipokuwa darasa la pili, mwalimu wake alisikia kwamba anaondoka tena, akafunga safari hadi nyumbani kwao. Kwa simulizi ya Hernández mwenyewe, mwalimu huyo alimwambia Salvador kwamba mche unaong'olewa kila baada ya miezi michache haukui. Maneno hayo yalimwingia. Familia ikaweka makao Stockton, na safari za Mexico zikafupishwa. Fikiria uzito wa uamuzi huo kwa mtu anayelipwa kwa kile alichovuna: kubaki mahali pamoja ni kuacha ujira wa mashamba ya mbali upite.

Desemba 1972, José akiwa ameshika antena ya runinga ili picha itulie, alimwona Eugene Cernan akitembea mwezini katika safari ya Apollo 17. Akamwambia baba yake kwamba anataka kuwa mwanaanga. Salvador hakumcheka. Alimkalisha kwenye meza ya jikoni akamweleza: ujue unachotaka, upime umbali uliobaki, uchore njia ya kufika, usome, ufanye kazi kwa bidii, na siku utakapodhani umefika, uongeze bidii. Kibarua yule hakujua lolote kuhusu roketi. Alijua mtoto akisema jambo zito, mzazi hukaa chini akamsikiliza.

Kijana alisomea uhandisi wa umeme palepale Stockton, Chuo Kikuu cha Pacific, akamaliza mwaka 1984. Baada ya shahada ya pili aliingia maabara ya Lawrence Livermore, ambako alishiriki kubuni mashine ya kidijitali ya kupiga picha za matiti ili saratani igundulike mapema. Kwa maoni yangu, hata angeishia hapo, uamuzi wa Mzee Salvador ungekuwa umezaa matunda ya kutosha.

Hakuishia hapo. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilimkatalia mara 11. Barua ya sita aliikunja akaitupa. Mkewe, Adela, akaiokota na kumtaka asikate tamaa. Hernández akachunguza waliochaguliwa wana nini ambacho yeye hana, kisha akajifunza kurusha ndege, kupiga mbizi na kusema Kirusi. Mwaka 2004, akiwa na miaka 41, alichaguliwa. Usiku wa tarehe 28 Agosti 2009, ikikaribia saa sita, chombo cha Discovery kiliruka kutoka Florida kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Hernández alikuwa mmoja wa watu saba waliokuwemo.

Sasa nirudi kwetu. Familia zetu nyingi haziwezi kuacha kazi za msimu, na silaumu mtu anayetafuta ugali wa watoto wake. Ninachoomba ni kwamba shule isiwe ya kwanza kukatwa. Kama baba lazima aende Urambo kwenye tumbaku, mama abaki na watoto, au bibi awapokee mpaka mitihani ipite. Mwenyekiti wa kijiji, unazijua kaya hizo. Zitembelee kabla msimu haujaanza. Mwenye shamba, usimpe mtoto kazi siku ya shule, hata mzazi wake akikusihi.

Mwalimu, najua darasa lako limejaa na mshahara hautoshi. Hata hivyo, mtoto akikuambia kwamba wiki ijayo wanahama, usifute tu jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Nenda kwao jioni, ukae na wazazi wake, uzungumze nao kabla hawajafunga mizigo.

Na wewe mzazi, leo baada ya chakula muulize mwanao anataka kuwa nani, kisha mkae pamoja mtafute hatua ya kwanza.