Mji Usio na Miguu

Wapo wasemao kwamba mji ni majumba. Mimi nasema sivyo, na shahidi wangu ni Frisco, mji ulio kaskazini ya Dallas, jimbo la Texas, Marekani.

Frisco ulizaliwa na reli mwaka 1902. Magari ya moshi yalihitaji maji, nayo yakapatikana chini bondeni. Basi watu wa Lebanon, kijiji cha mwinukoni, wakahamia huko, wengine wakizivuta nyumba zao juu ya magogo. Hata jina la mji ni la reli hiyo.

Mwaka 2000 palihesabiwa watu 33,714. Mwaka 2020 wakawa 200,509. Nyumba ziliota kama uyoga, shule zikafunguliwa moja baada ya nyingine, na mwaka 2016 timu ya Dallas Cowboys ikahamishia makao yake huko.

Sikatai, hayo ni maendeleo. Lakini mji huo umejengewa gari, haukujengewa miguu. Nyumba ziko huku, maduka kule, katikati barabara pana. Mzee asiyeendesha ni mfungwa nyumbani mwake. Akitaka mkate hana budi kumngoja mwenye gari. Watu wasipokutana njiani, jirani atajulikanaje?

Ajabu ni kwamba reli iliyouzaa mji ingali ikipitisha mizigo, lakini abiria hana treni ya kupanda.

Nyumba hununuliwa, ujirani haununuliwi. Wapangaji wa miji na waanze na miguu ya binadamu.