Muamala Ukikwama, Usitume Tena

Umenunua unga na mafuta, umelipa shilingi 800. Simu yako inasema muamala unashughulikiwa. Mwenye duka anaangalia yake, hakuna kitu, na foleni nyuma yako imeanza kununa. Wengi hapo hutuma tena. Tafadhali usitume. Kusubirishwa kunakera, lakini mimi naona kunakulinda.

Salio lako haliandikwi kwa kompyuta moja. Huandikwa kwa kadhaa, ili moja ikizima nyingine iendelee na kazi. Shida huja zikikosa kusikizana, hata kwa sekunde chache. Tuseme ulikuwa na 1,000. Kompyuta ya kwanza inajua umelipa 800. Ya pili bado inaona 1,000 nzima. Ukienda kwa wakala dakika hiyo na ya pili ikubali utoe zote, umetumia 1,800. Hiyo 800 ya ziada haikutoka hewani, kuna mtu atakayeilipa.

Mwaka 2000 Eric Brewer, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alieleza kwamba mawasiliano kati ya kompyuta hizi yakikatika, lazima mfumo uchague: ujibu kila anayeuliza hata kwa habari za zamani, au unyamaze hadi uwe na uhakika. Seth Gilbert na Nancy Lynch walithibitisha jambo hilo kihesabu mwaka 2002. Picha yako mtandaoni ikionyesha idadi ya zamani ya walioipenda, hakuna anayelala njaa. Pesa ni kitu tofauti, na kwa pesa afadhali mfumo unyamaze.

Kuhusu kutuma tena: kwa mfumo uliotengenezwa vizuri, kila ombi lina namba yake. Simu ikirudia ombi lenye namba ile ile, linahesabiwa mara moja tu. Lakini wewe ukianza upya, uweke kiasi na PIN, hilo ni ombi jipya kabisa. Mfumo utajuaje kama unarudia ama umeongeza unga mwingine?

Lawama yangu ni kwa kampuni za malipo, na hiyo si kwa wahandisi bali kwa anayeandika ujumbe. "Umefeli" iandikwe tu ikijulikana kweli umefeli. Kama bado haijulikani, mteja aambiwe hivyo: "Hatujathibitisha. Usitume tena, angalia salio lako kwanza." Neno "umefeli" la kubahatisha ndilo humfanya mtu alipe mara mbili, halafu jioni nzima anabembeleza arudishiwe pesa ambazo mwenye duka ameshanunulia stoki.